Rangi ya kweli ya ndege ya vita: namna ya kuichagua mbele ya kupaka maketi

Kutengeneza ndege ndogo kwa mukono si kitu kipya kwetu. Kwa bati la kopo, kwa mbao nyepesi ao kwa karto, vijana wa Uvira, Kalemie, Butembo ao Kindu wanatengeneza ndege na motokari tangu zamani. Wengine wanafika mbali kidogo: wanafuata vipimo vya ndege ya kweli, ao wanapokea sanduku ya maketi ya plastiki kutoka kwa ndugu mwenye anakaa Ulaya. Wakati mwili wa ndege umekwisha kushikana, swali moja linabaki: nipake rangi gani?

Watu wengi wanajibu kwa haraka. Wanaangalia picha moja kwenye telefone, wanaenda kununua kopo yenye inafanana nayo, wanapaka. Matokeo yanaweza kuwa ya kupendeza kwa macho, lakini ndege ile haikuwako hata siku moja. Makala hii inaeleza namna ya kufika kwenye rangi yenye unaweza kutetea mbele ya mutu mwenye anauliza: "Umejuaje?"

Juu ya nini rangi ni ya maana

Maketi ni ndege ndogo yenye inafuata kipimo kimoja toka mwanzo mpaka mwisho. Kipimo cha 1/72 ni kusema sentimetre 1 ya maketi inasimama mahali pa sentimetre 72 za ndege ya kweli. Mabawa ya Spitfire, ndege ya Uingereza yenye ilijulikana sana katika vita ya pili ya dunia, yalikuwa na upana wa metre 11,23. Katika 1/72 yanakuwa karibu sentimetre 15,6. Katika 1/48 yanafika sentimetre 23,4. Hapo kipimo kinahakikishwa kwa rula, na kila mutu anaweza kuona kama umekosea.

Rangi haina rula kama hiyo. Hata hivi, rangi njo yenye inasema ndege ilikuwa ya nani, ilipigana wapi na mwaka gani. Ukibadilisha rangi ya tumbo tu, umeihamisha ndege kutoka vita moja mpaka ingine.

Kwetu jambo hili si muchezo mutupu. Wakaaji wengi wa majimbo ya mashariki wanajua sauti ya ndege ya vita kupita rangi yake. Tena, historia ya ndege hizo iko na sehemu yetu ndani. Wakati wa vita ya pili ya dunia, pesa zenye zilikusanywa katika Kongo ya Wabeleji zilisaidia kununua Spitfire. Nyuma ya pesa hizo kulikuwa jasho la watu: kunako mwaka 1942, siku za kazi ya lazima vijijini zilipandishwa kutoka 60 mpaka 120 kwa mwaka. Mwalimu mwenye anaweka maketi ya Spitfire mbele ya wanafunzi anaweza kuanzia hapo somo zima. Lakini kama rangi ni ya kukisia, wanafunzi watajifunza kwamba historia nayo inaweza kukisiwa.

Swali la kwanza: ndege gani, siku gani, wapi?

Hakuna "rangi ya Spitfire". Kuko rangi ya Spitfire moja, katika kipindi kimoja, mahali pamoja. Tuchukue mufano huo wote, sababu amri za jeshi la anga la Uingereza (RAF) zinajulikana vizuri.

Vita ilipoanza kunako Septemba 1939, sehemu ya juu ya Spitfire ilikuwa na rangi mbili za kujificha. Moja iliitwa Dark Earth, hudhurungi ya udongo. Ya pili iliitwa Dark Green, kijani kizito. Kwa mutu mwenye anaangalia kutoka juu, ndege yenye imesimama chini ilichanganyika na mashamba na miti ya Uingereza. Upande wa chini ulikuwa tofauti kabisa: bawa la kushoto lilipakwa nyeusi, la kuume nyeupe. Sababu ilikuwa rahisi. Askari wenye walikuwa chini walipaswa kutambua haraka ndege yao, ili wasiipige.

Kunako Juni 1940, amri ikabadilika. Upande wa chini wote ukapaswa kupakwa rangi moja yenye iliitwa Sky. Jina lile linamaanisha anga, na hapa njo mutego wa kwanza: Sky si bluu ya anga. Ni rangi nyepesi sana yenye inaelekea kijani na manjano kidogo. Tena, rangi hiyo haikutosha katika vikosi vyote siku ile ile. Vingine vilichanganya vyao wenyewe, na kukawa matumbo ya bluu nyepesi, ya kijani nyepesi, na ya katikati. Kwa hiyo mutu mwenye anatengeneza Spitfire ya Julai 1940 hapaswi kushangaa kama picha moja haifanani na nyingine.

Mwisho wa Novemba 1940, bawa la kushoto likarudishiwa nyeusi upande wa chini. Wakati ule ule, mukanda wa rangi ya Sky ukawekwa kuzunguka mwili wa ndege karibu na mukia, na pua ya mbele yenye inashika panga za kuzunguka ikapakwa Sky pia. Nyeusi ya bawa ikaondolewa tena kunako Aprili 1941.

Badiliko kubwa likafika Agosti 1941. Mapigano yalikuwa yamehamia juu ya bahari na kwa urefu mukubwa zaidi, na hudhurungi ya udongo haikuficha kitu juu ya maji. Dark Earth ikaondoka, na mahali pake ikaingia Ocean Grey, rangi ya kijivu yenye inaelekea bluu. Dark Green ikabaki. Tumbo likapakwa Medium Sea Grey, kijivu chepesi. Mustari wa manjano ukawekwa kwenye ukingo wa mbele wa mabawa. Na herufi kubwa za kikosi, zenye zilikuwa kijivu, zikawa Sky.

Ocean Grey nayo haikutosha mwanzoni. Amri ikaruhusu vikosi kuchanganya: sehemu 7 za Medium Sea Grey na sehemu 1 ya nyeusi. Huo ni mufano muzuri wa rangi yenye tunaweza kurudilia hata leo, sababu maelezo yake yaliandikwa kwa namba.

Sasa tuweke Wabeleji ndani. Kikosi cha 350, cha kwanza cha Wabeleji chenye kiliendesha ndege za kivita za RAF, kiliundwa kunako Novemba 1941 huko Valley, katika inchi ya Wales. Tarehe hiyo iko nyuma ya amri ya Agosti. Kwa hiyo Spitfire ya kikosi hicho ya mwaka 1942 inaomba kijivu na kijani juu, kijivu chepesi chini. Mutu mwenye anaipaka hudhurungi na kijani, juu tu aliona picha kama hiyo kwenye sanduku, ameirudisha nyuma mpaka wakati kikosi chenyewe hakikuwako.

Kikosi cha 349, nacho cha Wabeleji, kilianza kunako Novemba 1942 huko Ikeja, Nigeria, na ndege zenye ziliitwa Tomahawk. Kunako 1943 kikawa Uingereza na Spitfire. Tomahawk ilitoka kiwandani Marekani, na Wamarekani walitumia rangi zao wenyewe zenye zilikaribia zile za Uingereza, lakini hazikuwa zile zile kabisa. Ukiamua kutengeneza Tomahawk, kopo yenye imeandikwa Dark Earth ni mwanzo tu, si jibu.

Jeshi lile lile lilitumia rangi zingine tena katika jangwa la Afrika ya kaskazini: Dark Earth pamoja na Mid Stone, manjano ya muchanga, na chini Azure Blue, bluu yenye ni bluu kweli. Spitfire ile ile, jeshi lile lile, lakini udongo mwingine.

Ushahidi: nani anaaminika?

Kisha kuchagua ndege na tarehe, unatafuta ushahidi. Ni kama habari yenye inafika katika studio: mbele ya kuitangaza unauliza nani alisema, alikuwa wapi, na alijuaje. Ushahidi wa rangi unaweza kupangwa hivi, kutoka wenye nguvu mpaka wenye udhaifu.

Kwanza, kipande cha ndege ya kweli chenye kiko bado na rangi yake ya zamani, zaidi kama kilifichwa na jua chini ya kipande kingine. Ni ushahidi wenye nguvu, lakini rangi ya miaka 80 inaweza kuwa imegeuka manjano ao imefifia.

Pili, amri zenye ziliandikwa na jeshi, pamoja na vibao vya rangi vyenye vilitumwa viwandani. Vinasema kile chenye kilipaswa kufanywa. Havisemi kama kilifanywa siku ile. Kati ya amri na burashi kulikuwa mara nyingi wiki ao miezi.

Tatu, picha ya rangi yenye ilipigwa wakati ule. Filme ya Kodachrome iliingia kwenye soko kunako 1935, na picha zake zinashika rangi vizuri kupita filme nyingi za wakati ule. Lakini hata hapo, jua la asubuhi linapaka kila kitu manjano, na kivuli kinapaka bluu. Mutu mwenye alichapisha picha ile katika kitabu anaweza naye kubadilisha rangi bila kujua.

Ine, picha nyeusi na nyeupe. Ndizo nyingi kupita zote, na tutazirudilia hapa chini.

Tano, ndege zenye ziko katika nyumba za makumbusho. Ndege nyingi zilipakwa upya mara mbili ao tatu kisha vita. Zingine zilipakwa na watu wenye uangalifu mukubwa, zingine zilipakwa kwa rangi yenye ilipatikana. Kabla ya kuzifuata, uliza zilipakwa lini na kwa ushahidi gani.

Sita, michoro ya kwenye sanduku, filme za sinema, michezo ya telefone, na picha za zamani zenye kompyuta ilitia rangi. Hizi za mwisho zinapita sana leo kutoka telefone mpaka telefone, na zinadanganya kupita zote juu zinafanana na picha ya kweli. Programu haijui ndege ilikuwa na rangi gani. Inakisia kufuata picha zingine zenye ilikwisha kuona. Ikikisia bluu mahali palikuwa kijivu, hakuna kitu kwenye picha chenye kitakuonya.

Picha nyeusi na nyeupe inaficha nini

Hapa ziwa letu Tanganyika linaweza kutufundisha. Kunako 1916, wakati wa vita ya kwanza ya dunia, Wabeleji walileta ziwani ndege ine za kutua juu ya maji, za aina ya Short, zenye Waingereza waliwakopesha. Vipande vyake vilisafiri kwa mito na reli mpaka upande wa Kalemie, wakati ule Albertville. Kunako Juni 1916 marubani Wabeleji waliruka kutoka upande wa Kongo na kutupa mabomu Kigoma, kwenye meli ya Wajeremani Graf von Götzen ilikuwa. Wajeremani wenyewe waliizamisha meli hiyo Julai ile ile. Baadaye ikatolewa majini, na wakaaji wa kando ya ziwa wanaijua mpaka leo kwa jina la Liemba.

Picha za wakati ule ni nyeusi na nyeupe. Tena, kwa sehemu kubwa filme za wakati ule zilikuwa za aina yenye haikuona rangi nyekundu. Aina hiyo inaitwa ortokromatiki. Juu ya filme hiyo, nyekundu inatokea karibu nyeusi, manjano inatokea nzito kupita vile macho yanaona, na bluu inatokea nyepesi sana, karibu nyeupe.

Fikiri sasa alama ya duara ya ndege za Ubeleji: nyeusi katikati, kisha manjano, kisha nyekundu inje. Juu ya filme ya namna hiyo, rangi zote tatu zinaweza kuonekana nzito, na duara inakuwa kama doa moja. Alama ya Waingereza nayo iko na nyekundu katikati, nyeupe, na bluu inje. Hapo bluu inaweza kuonekana nyepesi kabisa, na mutu asiyejua atasema kwamba ilikuwa rangi ingine. Hata katika vita ya pili, duara ya manjano yenye ilizunguka alama ya Spitfire inaonekana nyeusi katika picha fulani. Watu walishindana miaka mingi juu ya alama "za siri" zenye hazikuwako. Ilikuwa filme tu.

Filme ya nyuma yake, yenye inaitwa pankromatiki, inaona rangi zote. Lakini nayo haiwezi kutofautisha rangi mbili zenye uzito mumoja. Dark Earth na Dark Green ziko karibu sana kwa uzito, na katika picha nyingi za 1940 mipaka yake inapotea.

Kwa hiyo picha nyeusi na nyeupe haikupatii jina la rangi. Inakupatia vitu vingine vya maana sana: namna rangi mbili zilipangwa, mahali mustari wao unapita, ukubwa wa herufi, namba ya ndege, na rangi gani ilikuwa nyepesi kuliko ingine. Ukijua mbele amri inasema nini, picha inakuambia kama amri ilifuatwa. Anza na namba ya ndege kwenye mukia. Namba hiyo njo inafungua tarehe na kikosi.

Onyo moja kwa vijana wenye wanapenda ndege za leo: musiende kupiga picha ndege za jeshi kwenye viwanja vya ndege. Ni njia ya haraka ya kupoteza telefone na kulala mahali hamukupanga. Tumia picha zenye jeshi ao magazeti yalikwisha kutangaza.

Majina na namba kwenye kopo

Mutu akikwisha kujua kwamba anahitaji Ocean Grey, anakuta kopo tatu za viwanda vitatu, zote zimeandikwa Ocean Grey, na hazifanani. Hilo ni jambo la kawaida. Kiwanda kimoja kilifuata kibao cha zamani, kingine kilifuata kitabu, kingine kilifanya rangi iwe nyepesi kidogo kwa kusudi. Jina kwenye kopo ni ahadi ya muuzaji, si ushahidi.

Namba nazo zinaomba uangalifu. Katika maelezo ya maketi utakutana mara nyingi na namba za FS, ni kusema orodha ya rangi ya serikali ya Marekani yenye inaitwa Federal Standard 595. Iko na tarakimu tano. Ya kwanza inasema namna rangi inang'aa: 1 inang'aa, 2 inang'aa nusu, 3 haing'ai. Ya pili inasema jamaa ya rangi: 0 hudhurungi, 1 nyekundu, 2 rangi ya machungwa, 3 manjano, 4 kijani, 5 bluu, 6 kijivu. Kwa mufano, namba yenye inaanza na 36 ni kijivu chenye haking'ai, na namba yenye inaanza na 16 ni kijivu chenye kinang'aa.

Orodha hiyo inasaidia sana, lakini ilitoka kunako 1956. Ndege ya mwaka 1940 haikupakwa hata siku moja kufuata FS. Ukisoma kwamba rangi fulani ya vita ya pili ni FS fulani, elewa kwamba mutu alitafuta jirani wa karibu katika orodha. Jirani anaweza kuwa karibu sana ao mbali. Ndege za Wajeremani ziko na namba zao za RLM, ni kusema wizara ya anga ya Ujeremani: RLM 65 ni bluu nyepesi ya tumbo, 70 na 71 ni kijani mbili nzito, 74, 75 na 76 ni vijivu vya ndege za kivita. Namba hizo zilikuwa za wakati ule wenyewe, kwa hiyo ziko na uzito kupita FS. Lakini kopo ya leo yenye imeandikwa RLM 65 inabaki kazi ya kiwanda cha leo.

Kuchanganya na kupima kwa vitu vyenye viko

Kwetu kopo ndogo za rangi ya maketi ni shida kupata. Lakini mutu anaweza kufika karibu sana kwa rangi za duka la vifaa vya kujengea, ao kwa rangi zenye mupakaji wa motokari anabakisha katika garaji. Rangi sita zinatosha kuanza: nyeupe, nyeusi, manjano ya udongo, nyekundu ya kutu, bluu na kijani.

Dark Earth inaanza na manjano ya udongo, unaongeza nyekundu ya kutu kidogo na nyeusi kidogo sana. Dark Green inaanza na kijani, unaongeza nyeusi na manjano ya udongo mpaka kijani kipoteze ukali. Medium Sea Grey ni nyeupe na nyeusi, pamoja na tone la bluu. Ocean Grey unaipata kwa ile amri ya 7 kwa 1, ukitumia Medium Sea Grey yenye umetengeneza. Sky ni karibu nyeupe yote: weka tone la manjano na tone la kijani, kisha simama. Watu wengi wanaiharibu kwa kuongeza rangi mingi.

Pima kwa seringe ya duka la dawa, bila sindano. Andika katika daftari: mililitre ngapi za nyeupe, matone mangapi ya nyeusi. Bila daftari, siku rangi inaisha katikati ya bawa hautaipata tena. Ongeza kila mara rangi nzito ndani ya rangi nyepesi, si kinyume. Nyeusi kidogo inabadilisha nyeupe mingi, lakini nyeusi ikipita kipimo, kopo nzima ya nyeupe haitakuokoa.

Kisha tengeneza kibao cha kupimia. Kata kipande cha karto nyeupe, paka rangi ya chini kama ile yenye utaweka kwenye maketi, kisha tabaka mbili za rangi yako. Acha ikauke usiku muzima. Rangi nyingi za maji zinakuwa nzito zikikauka, kwa hiyo rangi yenye iko maji-maji bado haikuambie kitu. Rangi ya chini nayo ina neno la kusema: kijivu chini ya Sky hakitoi matokeo sawa na nyeupe chini ya Sky.

Ulinganishe kibao na rangi yenye imechapwa katika kitabu ao kwenye karatasi ya kiwanda, kama uko nayo. Vigusishe, bila nafasi katikati. Chukua karatasi ya kijivu, toboa shimo dogo, na uangalie kupitia shimo ili rangi za kando zisikudanganye. Fanya hivyo muchana, kwenye kivuli, inje ao karibu na dirisha. Usiamue usiku. Taa ya LED ya sola inaelekea bluu, taa ya zamani inaelekea manjano, na kuko rangi mbili zenye zinafanana chini ya taa moja na zinaachana chini ya jua. Usilinganishe pia na kioo cha telefone: ukipandisha mwangaza tu, rangi imebadilika.

Jaribio lingine ni la bure. Piga picha ya maketi kwa telefone, uigeuze nyeusi na nyeupe, kisha uiweke kando ya picha ya zamani ya filme ya pankromatiki. Kama katika picha ya zamani kijivu ni chepesi kupita kijani, na katika yako vyote viwili viko sawa, Ocean Grey yako ni nzito kupita kiasi.

Usalama usisahauliwe. Rangi zingine za mafuta bado ziko na risasi ndani, na risasi inaharibu akili ya mutoto. Tafuta kopo yenye imeandikwa kwamba haina risasi. Fanya kazi mahali upepo unapita, usichanganye katika sahani ya chakula, na dawa ya kulegeza rangi isikae karibu na jiko.

Ukubwa, jua na uchafu

Maketi ya 1/72 yenye unaangalia kwa sentimetre 30 ni kama ndege ya kweli yenye iko metre 21,6 mbele yako. Kwa umbali, hewa inafanya rangi nzito zionekane nyepesi kidogo. Njo maana watengenezaji wengi wanaongeza nyeupe ao kijivu kidogo kwa maketi ndogo. Wengine wanakataa, wanasema rangi ya kweli ni rangi ya kweli. Hakuna sheria hapa. Lakini kama unaongeza, ongeza kidogo, na kwa rangi zote kwa kipimo kimoja, ili uhusiano kati yao usivunjike.

Jua nalo linafanya kazi. Kijani cha Wamarekani chenye kiliitwa Olive Drab kilifahamika kwa kufifia na kuelekea hudhurungi. Lakini usipite kiasi: ndege nyingi za kivita za 1940 ziliishi miezi tu mbele ya kuanguka ao kubadilishwa, na hazikupata wakati wa kuzeeka. Uchafu unafuata kazi: moshi nyuma ya matundu ya motere, mikwaruzo pale viatu vya mafundi vilipanda kwenye shina la bawa, matope kwenye matairi. Rangi ya RAF ya wakati ule haikung'aa kama motokari mupya. Kama kopo yako inang'aa, malizia na verni yenye haing'ai.

Karatasi ya kando ya maketi

Kazi ikiisha, andika karatasi ndogo na uiweke kando ya ndege, shuleni ao nyumbani. Weka jina la ndege, kikosi, mwezi na mwaka, mahali. Kisha sema rangi ulizitoa wapi: amri ya mwaka fulani, picha fulani, ao kulinganisha na ndege zingine za kikosi kile. Na kama sehemu moja ulikisia, andika kwamba ulikisia, mufano: "Rangi ya pua haionekani katika picha, nimefuata amri."

Karatasi hiyo inapatia mwanafunzi nguvu ya kuuliza, na inapatia mutu mwenye kujua zaidi nafasi ya kukusahihisha. Babu wa mutu fulani anaweza kuwa alibeba mizigo ya ndege hizo kandokando ya ziwa, ao alichimba madini kwa ajili ya vita hiyo. Nyumba zingine ziko na picha zenye hazijatoka inje hata siku moja. Ukiziona, usizitie rangi kwa programu. Piga nakala, andika nyuma jina la mwenyewe, mahali na mwaka, na urudishe picha kwa mwenyewe.